Anti, hii A- inafika udaktari? Hesabu klasta kabla ya kubonyeza

Saiba yangu, duka la huduma za intaneti, iko Kondele, Kisumu, karibu na hospitali ambayo vibaoni inaitwa Jaramogi Oginga Odinga lakini makondakta wote wanaiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ukisimama mlangoni kwangu saa saba mchana utaona wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno wakivuka barabara kutafuta chapati, koti jeupe likiwa limekunjwa mkononi lisiguse mafuta. Nadhani koti hilo ndilo linaloniletea wateja. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, yakitoka tu, mtoto anaingia na mamake, ananyoosha simu yenye matokeo na kuuliza, "Anti, hii A- inafika udaktari?"

Jibu langu huwaudhi wazazi. Nawaambia sijui, bado sijaona masomo. Gredi ya wastani, ile inayotangazwa kanisani Jumapili na kupigiwa vigelegele, peke yake haikupeleki popote kwenye udaktari. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, linaangalia klasta, na klasta ni masomo manne tu. Nimekaa miaka tisa kwenye maabara ya shule ya upili kama mhudumu kabla ya kufungua saiba, kwa hivyo nimewaona watoto hawa wakianza na nimewaona wakimaliza. Wengi wanaokosa udaktari hapa kwangu hawakosi kwa sababu ya akili. Wanakosa kwa alama mbili za Kemia na kwa namna walivyopanga machaguo.

Masomo yenyewe ni haya: Bayolojia, Kemia, Hesabu au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Kwenye kila moja unatakiwa uwe na B kamili kwenda juu. Ukiwa na B- ya Bayolojia, hata kama umeng'arisha A ya Historia na A ya Kilimo, udaktari umekufungia mlango, na hakuna mbunge wa kuufungua. Nimeshaona mzee akikataa kuamini jambo hilo mpaka akaenda kuuliza saiba tatu nyingine. Akarudi jioni, akaketi, akasema, "Haya, tuangalie kingine."

Sasa hesabu. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, na kadhalika. Masomo manne ya klasta yakiwa A yote ni 48. Masomo saba yanayotoa gredi ya wastani yakiwa A yote ni 84. Tangu KCSE ya 2023, hayo saba ni Hesabu, lugha moja, na mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Chukua kikokotoo. Gawanya jumla yako ya klasta kwa 48. Gawanya jumla yako ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, ile alama ya √, kisha zidisha kwa 48. Hizo ndizo pointi zako za kuombea kozi. Basi.

Kuna mwaka walikuja wasichana wawili marafiki, kutoka shule moja, wote wana A- ya pointi 76. Mama zao walikuwa wameshanunua soda. Wa kwanza alikuwa na A ya Bayo, A ya Kemia, A ya Hesabu na B+ ya Kiingereza. Klasta 46. Ukipiga hesabu unapata 44.7 hivi. Wa pili alikuwa na A ya Hesabu na A- ya Kiingereza, lakini Bayo B+ na Kemia B+. A- zake nyingine zilikuwa za Kiswahili, Jiografia na Biashara. Klasta 43. Hesabu inatoa 43.2. Gredi ni ile ile na soda ni ile ile, lakini tofauti ni pointi moja na nusu. Kwa mtu anayetaka ualimu, pointi moja na nusu si kitu. Kwenye udaktari, ambako watu wanabanana kwenye desimali, watu wengi sana wanaweza kusimama kati ya hao marafiki wawili.

Kumbuka kwamba hesabu hii ya mkono ni makadirio. Mfumo wenyewe unachimba zaidi ya gredi hadi kwenye alama ulizopata, ndiyo maana watoto wawili wenye A tupu wanaweza kuonyeshwa pointi tofauti. Aghalabu hesabu ya mfumo hutoka chini ya ile ya kikokotoo. Tumia ya mkono kujua uko mtaa gani; ukishaingia kwenye akaunti yako ya KUCCPS, amini ile unayoiona pale.

Jambo moja ambalo sichoki kulisema, na walimu wa Kiswahili wananipenda kwa hilo: lugha inayohesabiwa ni ile uliyofanya vizuri kati ya mbili. Mtoto wa kwetu huku anakazana na Kiingereza mpaka usiku wa manane, halafu Kiswahili anakiachia Mungu. Akipata B ya Kiingereza ana 9. Kiswahili hicho hicho alichokidharau kingempa 11 au 12 kama angesoma fasihi vizuri na kuacha kuandika insha kwa Sheng. Pointi mbili au tatu za klasta zimelala kwenye kabati. Ni vivyo hivyo kwa Hesabu na Fizikia. Ukifika kidato cha tatu na unaruhusiwa kuacha Fizikia, jiulize kwanza Hesabu yako ikoje. Ikiwa inayumba, shikilia Fizikia, uwe na mguu wa pili wa kusimamia.

Kama bado hujafanya mtihani

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokula mkate wangu kwa miaka tisa.

Karatasi ya tatu ya Kemia, 233/3, ni ya majaribio, alama 40. Wanafunzi wanaiogopa kwa sababu ya tindikali na vioo, lakini kwangu hiyo ndiyo karatasi yenye alama za bure kuliko zote, na ndiyo niliyowaona wakizimwaga. Swali la kwanza mara nyingi ni titresheni: una byureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo, una pipeti, unadondosha mpaka rangi igeuke, unafanya mara tatu, unajaza jedwali. Jedwali hilo kwa kawaida lina alama tano, na karibu zote si za akili. Ni za usafi.

Alama moja ni ya kujaza jedwali lote. Mtoto anafanya mara mbili, anaona majibu yanafanana, anaacha safu ya tatu wazi ili awahi swali la pili. Imekwenda. Alama nyingine ni ya desimali: zote ziwe na tarakimu moja baada ya nukta, au zote ziwe na mbili, na zikiwa mbili ya mwisho iwe 0 au 5. Ukiandika 24.5, kisha 24.50, kisha 24.6, umemwonyesha msahihishaji kwamba hujui byureti inasoma vipi. Nyingine ni ya ukaribu wa jibu lako na lile alilopata mwalimu wa shule yenu, kwa hiyo hata ukiwa na mkono wa daktari wa upasuaji, kama umesuuza chupa ya kupimia kwa kemikali isiyo yake, jibu litakwenda kombo. Kisha wastani: unachagua zile zinazokaribiana, si kuzijumlisha zote kwa sababu ziko tatu. Mtu aliyepata 24.5, 24.6 na 26.1 halafu akazigawa zote kwa tatu ameshajiumiza.

Kosa lililonitia uchungu kuliko yote ni la kusoma byureti juu chini. Sifuri ya byureti iko juu. Mwaka mmoja nilisimama nyuma ya kijana mmoja kwenye mtihani wa majaribio wa shule, kijana mwenye kichwa kizuri kabisa, nikamwona ameandika usomaji wa mwanzo 50.0 na wa mwisho 25.4, jedwali lote limepinduka. Sikuruhusiwa kusema neno. Nikabaki nimeshika chupa ya maji yaliyochujwa, nikiangalia pembeni. Baadaye nilimwita maabara tukafanya mara kumi na mbili kwa maji ya bomba tu, bila kemikali, mpaka mkono wake ukajua sifuri iko wapi. Fanya hivyo. Byureti ya maji haina gharama, na mhudumu wa maabara ukimsalimia vizuri asubuhi atakuachia saa kumi.

Kwa Bayo neno langu ni fupi: michoro. Mistari isiyo na kivuli, majina yasiyopishana, na ukuzaji uandikwe. Wengi wanachora kama wanapamba kadi ya harusi.

Mdogo wako aliye chini ya mtaala mpya hatapitia njia hii. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani, 8-4-4, ni ya 2027. Wale walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wanachagua njia tangu mwanzo, na mwenye ndoto ya udaktari yake ni ile ya sayansi, STEM, akiwa na Bayolojia na Kemia ndani. Mzazi, usingoje mpaka gredi ya 12 ndiyo uulize.

Siku ya kujaza

Njoo na namba yako ya mtihani, na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu namba yake huenda ndiyo ya kufungulia akaunti mara ya kwanza. Njoo na simu yenye laini yako, si ya mjomba. Mjomba atasafiri kwenda Mombasa na ujumbe wa kubadilisha nenosiri utamfuata huko. Ada ya maombi ya kwanza ni shilingi 1,500, inalipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na inatosha machaguo yote. Huongezi pesa kwa kujaza mengi. Nalisema hili kwa sababu kuna baba mmoja wa Ahero alinikatalia kujaza zaidi ya moja. "Andika Nairobi tu. Mimi sitaki vya kubahatisha." Mtoto ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Baba, kubahatisha ndiyo huku kuandika moja."

Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kawaida ni miongoni mwa vinavyodai pointi za juu zaidi. Kiandike juu ikiwa pointi zako zinakaribia, lakini fuatisha na vya kwetu. Maseno, ambao wanafunzi wao wanafunzwa hapa Russia. Moi, ambao wanafunzi wao wanafunzwa kwenye hospitali kubwa ya rufaa ya Eldoret. Egerton, ambao udaktari wao uko Nakuru mjini, kwenye ile hospitali ambayo wazee bado wanaiita PGH. Masinde Muliro, Kakamega. Shahada ni ile ile, na baraza linalosajili madaktari, KMPDC, ni lile lile. Sijawahi kusikia mgonjwa kwenye foleni akimuuliza daktari alisomea bewa gani.

Halafu udaktari ukiutaka, uweke juu. Usiuweke chaguo la mwisho kama mwavuli wa akiba, chini ya kozi ambazo ungezipata hata ukiwa umelala. Ukishindwa juu, chini ndipo panapotakiwa pawe na kitu unachoweza kuishi nacho: famasia, uuguzi, shahada ya utabibu (clinical medicine), sayansi ya maabara. Chagua wewe mwenyewe. Ukimwachia mwenye saiba ajaze nafasi zilizobaki, atajaza kitu chochote ili foleni isogee. Najua, kwa sababu foleni hiyo naijua.

Sasa nikiri kosa langu.

Ndugu yangu mdogo alifanya KCSE mwaka 2016. Mnakumbuka mwaka huo: usimamizi ulikazwa, na nchi nzima wakapata A watu 141. Mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya elfu mbili. Yeye alipata A- ya pointi 74, ile ya mwisho kabisa ya A-, na klasta nzuri. Mimi wakati huo bado niko maabara, lakini nilijiona najua mambo. Nikafungua pointi za mwisho za mwaka uliotangulia, yaani pointi za yule mtu wa mwisho aliyeingia udaktari kwenye kila chuo, nikamwambia, "Hapa hufiki. Usipoteze chaguo." Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyemlipia karo. Hakuandika udaktari hata mara moja. Rafiki yake wa dawati moja, mwenye pointi 75, akauandika, akapata.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba pointi za mwisho si sheria. Hakuna mtu anayezipanga mapema. Ni alama iliyobaki ukutani baada ya maji ya mafuriko kushuka: inakuonyesha mwaka ule yalifika wapi. A zikiwa chache, alama inashuka. Zikiwa nyingi, inapanda. KCSE ya 2024 ilitoa A 1,693. Kwa hiyo ukiangalia pointi za mwisho, angalia za miaka mitatu au minne kama zipo, kisha uangalie A za mwaka wako zimeongezeka au zimepungua kuliko mwaka jana. Ukiwa chini kwa pointi moja, jaza. Ukiwa chini kwa pointi tano, nitakuambia ukweli hata kama mamako ananikazia macho.

Usipopata raundi ya kwanza, kuna raundi nyingine za nafasi zilizobaki, na kuna kipindi cha kuhama chuo. Udaktari mara chache hubakiza nafasi, lakini kuangalia hakuna hasara. Kisichokuwepo ni "nafasi ya afisa." Kila msimu kuna sauti nzuri kwenye simu inayosema inajua mtu ndani na inaomba elfu thelathini kwanza. Nafasi hugawanywa na mfumo kwa pointi. Kata simu.

Wenye uwezo hunionyesha vyuo vya binafsi. Vipo, hata hapa Kisumu Uzima wana udaktari. Kabla ya kulipa senti, angalia kama chuo hicho kimo kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa na KMPDC kufundisha udaktari. Wanaovuka kwenda Uganda waulize mapema baraza litadai nini wakirudi kabla ya kuanza kazi hapa, na baraza litauliza pia KCSE yako ilikuwaje. Mpaka wa Busia haufuti B- ya Bayo.

Kuhusu pesa, kupata nafasi na kupata ufadhili ni vitu viwili. Tangu 2023 unaomba msaada wa masomo na mkopo kando, kwenye tovuti yake, na wanapima hali ya nyumbani kwenu. Watoto wanakuja Agosti na barua ya kuitwa chuoni, hawajaomba hata shilingi. Udaktari ni miaka sita, kisha mwaka wa uanagenzi hospitalini. Ule mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024, hoja kubwa ilikuwa malipo ya hao wanagenzi. Mzazi anayepanga kwamba mtoto ataanza kulipia wadogo zake karo mwaka wa tano, apange upya.

Ndugu yangu alikaa mwaka mmoja kwenye kozi ambayo hakuipenda, akaiacha, akaenda KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kusomea utabibu. Diploma hiyo ni miaka mitatu na wanapokea mpaka wa C kamili, kwa hiyo yeye na A- yake aliwekwa mbele kama bwana harusi. Leo ni tabibu kwenye zahanati moja upande wa Nyando, na wagonjwa wote wanamwita daktari. Nilimwomba msamaha mara moja, tukiwa tunakula samaki Dunga. Akasema nimwongezee ugali.

Msimu wa maombi ukifika, Jumamosi anapanda matatu anakuja kukaa nami hapa saiba. Anachukua kiti cha plastiki, anakiweka karibu na mlango, kabla foleni haijanifikia. Mtoto akimpa simu aone matokeo, hashuki mpaka kwenye gredi ya wastani. Anaifunika kwa kidole gumba na kuuliza, "Bayo ngapi? Kemia ngapi?"